Kama Uko Tayari, Usijibu

Riruta, Nairobi
12 Januari 2003

Shiku mdogo wangu,

Mmeamkaje huko kwenye umande? Sisi tuko, tunasukuma siku. Kuku wametulia tangu mvua ikatike, na wapangaji wa ploti wananisalimia kwa upole kama mtu aliyetoka safari ndefu, ingawa sijatoka hapa. Debra ameanza shule? Mwaka huu karo imeondolewa, basi hakuna kisingizio. Msalimie baba yake, Haron.

Oktoba sikukuona. Siku tuliyomzika Isaiah nilikuwekea kiti karibu na changu, na hata mchungaji alipokuwa akisoma nilikuwa natazama barabara. Watu walipouliza nilisema gari lako limekwama njiani. Sitaki tugombane kwa karatasi. Nataka tu ujue kiti kilikaa wazi.

Sasa la hapa. Mume wangu ameniacha na chumba hiki, kuku, na ile pikipiki nyekundu aliyoinunua kwenye mnada wa serikali, zamani alipokuwa akizunguka Kikuyu na Ndeiya kupandisha ng'ombe wa watu kwa sindano. Ni nzee kuliko ndoa yetu. Imesimama chini ya mabati tangu alipolazwa, na kuku mmoja anataga kwenye kiti chake.

Jumapili Muchiri alikuja. Unamkumbuka, ndugu ya Isaiah, yule aliyebaki akisimamia ploti hii ya baba yao. Akafukuza kuku, akakaa juu ya pikipiki kwa suti.

"Hii nitaiondoa wiki ijayo, shemeji. Wewe utafanyia nini?"

Nikamwambia sijaamua. Akasema, "Huna mtoto, huna kazi ya ofisi. Amua haraka."

Lakini kitabu cha pikipiki kina jina langu. Isaiah aliandikisha hivyo mwaka alioanza kuugua, nami nikamcheka. Basi nimeamua. Nitajifunza kuiendesha, niwapelekee watu mayai mwenyewe. Umesoma sawasawa. Nina miaka arobaini na moja na nitajifunza.

Niandikie, hata kama ni mistari miwili.

Dada yako,
Njambi

*

South Kinangop
9 Februari 2003

Dada Njambi,

Tumeipokea barua yako tukiwa wazima. Baridi ni ile ile, na kabichi zimekubali. Debra yuko darasa la kwanza, wako tisini na wanne kwa mwalimu mmoja, lakini anarudi akiimba. Haron anakusalimia sana. Anauza viazi, na kanisani wamempa uongozi wa kamati ya ujenzi.

Kuhusu Oktoba nisamehe. Ng'ombe alikuwa karibu kuzaa na hapakuwa na mtu wa kumwangalia. Nilimlilia Isaiah huku huku. Tafadhali tusirudi kwenye hilo.

Na wewe! Pikipiki! Wewe uliyetumbukiza baiskeli ya baba kwenye mtaro, ukakimbia ukaiacha magurudumu yakizunguka! Nimecheka mpaka Debra akaniuliza kama ninalia. Haron anasema si kitu cha mwanamke, uiuze. Mimi nasema uwe mwangalifu.

Lakini hebu niambie, inawashwaje? Miguu inafanya nini na mikono inafanya nini? Niandikie kila kitu. Hapa jioni ni ndefu.

Mimi,
Shiku

*

Riruta
9 Machi 2003

Shiku wangu,

Pokea salamu za mtu mwenye muundi wa buluu. Mengine mazima. Kifua chako kimepona? Hukusema, na kila mwaka baridi ikizidi kinakubana.

Fundi wangu anaitwa Zachariah, ana kibanda Kangemi, chini kidogo ya Waiyaki Way. Niliisukuma pikipiki kwa miguu kutoka hapa kupitia Kawangware, na watu wawili waliniuliza nimeiiba wapi. Alipofungua tanki, petroli ilinuka kama rangi ya mlango. Akaimwaga, akaosha kabureta, akabadilisha plagi na nyaya za breki. Tairi akazigonga kwa kidole.

"Hizi zimekauka kama chapati ya jana, mama. Hautoki hapa na hizi."

Uliuliza inawashwaje. Fungua mafuta chini ya tanki, vuta choki, hakikisha gia iko frii, halafu simama na uzito wako wote juu ya kiki, kile chuma cha kukanyaga pembeni. Usiipige kwa hasira. Mimi niliipiga kwa hasira, ikanirudishia teke nikakaa chini mbele ya wanaume wanane. Zachariah peke yake hakucheka. Alisema, "Imezoea mzee wako. Iendee polepole."

Klachi iko mkono wa kushoto. Ukiiachilia ghafla, pikipiki inaruka kama mbuzi aliyekatika kamba. Ukiishikilia sana inanguruma na haiendi. Kuna mahali pa katikati, upana wa punje ya mahindi, ndipo inapokubali. Nimepatafuta mahali hapo siku tisa kwenye uwanja wa kanisa. Siku ya kumi nilizunguka uwanja mara tatu bila kusimama, Shiku, na ya tatu nilikuwa naongea na Isaiah kwa sauti.

Jumatano nilifunga trei sita za mayai nyuma, nikaenda hadi Kilimani kwa mama mwenye duka chini ya fleti. Basi lilinipigia honi nikashika breki ya mbele peke yake. Nilifika na trei nne, ute ukichuruzika juu ya kibao cha namba. Lakini nilifika, na nikarudi.

Lisilonipendeza ni Muchiri. Ameweka kufuli kwenye geti, anafunga saa kumi na mbili jioni, na ufunguo ni mmoja. Anasema ni usalama. Wapangaji wakichelewa wanamwita anafungua. Mimi nikichelewa dakika kumi naachwa nje mpaka majirani wamsihi. Nikiwa pale nje namwona kwenye dirisha lake akitazama saa.

Njoo Pasaka. Umlete Debra, nimpakie mbele yangu tuzunguke uwanja.

Njambi

*

South Kinangop
6 Aprili 2003

Dada,

Tuko salama. Debra ni mzima. Pasaka sitaweza kuja kwa sababu ya viazi. Barabara ni mbaya, usijisumbue kuja.

Nimefurahi kwamba ulizunguka mara tatu.

Shiku

Shemeji Njambi, ni mimi Haron naongeza. Nimeona mke wangu anapoteza muda na barua, na hapa kuna kazi. Habari ya mwanamke kupanda pikipiki tumeisoma tukasikitika. Tunakuombea. Siku nyingine ukitaka kujua hali yake, niandikie mimi.

*

Riruta
27 Aprili 2003

Shiku,

Barua hii imepitia sanduku la shule kwa jina la mwalimu wa Debra, Mwalimu Ngina, kwa hiyo leo naandika kama ninavyoongea. Jumatatu ya Pasaka nilipoondoka kwenu alinisimamisha penye kona ya shule. Alishika usukani nikiwa bado juu ya kiti.

"Wewe ni dada ya Mama Debra?"

Nikasema ndiyo.

"Mwandikie kupitia kwangu. Zile zingine anasomewa jikoni kwa sauti, mume akichagua mistari."

Pale mezani sikukueleza nilivyofika. Niliondoka geti lilipofunguliwa. Mpaka Limuru niliendesha nimekaza meno hadi taya zikauma. Malori yakinipita, upepo wake ulinivuta, nikajifunza kulala kidogo upande wao. Pale njia panda ya Flyover niliposhika njia ya Njabini ukungu ulikuwa mzito nikawa naona gurudumu langu la mbele tu. Gia ya tatu inaponyoka kwenye kilima, kwa hiyo nilipanda kwa ya pili, injini ikilia kama mtoto, na nililia nayo. Nilikuwa najiambia, nikifika Shiku atanicheka.

Hukunicheka. Haron alinikaribisha vizuri mno. Chai, viazi, maombi marefu. Lakini kila swali nililokuuliza wewe, alijibu yeye. Kifua? "Kimepona." Unalala? "Analala vizuri." Wewe ulikuwa unatazama kikombe.

Halafu nilitoka nje nikakuona unavuka ua na ndoo. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi na ulikuwa miguu mitupu. Visigino vimepasuka mpaka nyama inaonekana. Nikasema, "Shiku, vaa viatu." Ukatazama mlango. Haron akacheka, "Huyu amezoea shamba, viatu vinamchosha."

Mama alikuwa akituchapa tukienda kisimani bila viatu. Mimi na wewe hatukuzoea shamba lolote hivyo. Niambie.

Njambi

*

Shuleni, South Kinangop
18 Mei 2003

Dada Njambi,

Debra anakusalimia. Anajua kuandika jina lake na lako. Niko jikoni kwa Mwalimu Ngina, nimemwambia Haron nimeitwa kwa mambo ya daftari, na nina robo saa.

Viatu vyangu viko ndani ya sanduku la chuma na ufunguo uko kwenye mkanda wake. Jozi zote, pamoja na za mvua. Jumapili ananipa vya kanisa, na tukirudi anasimama mlangoni anavingoja. Ilianza mwaka juzi nilipokwenda Njabini sokoni bila kumwomba ruhusa. Hapigi, dada. Kuna siku natamani angepiga, nipate kitu cha kuonyesha watu. Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa, akasema Haron ni mtu mtulivu, niache kumchokoza.

Oktoba. Ujumbe wa msiba ulifika Jumanne. Nilikuwa nimeshafunga gauni jeusi kwenye mfuko. Akasema ng'ombe atazaa, akafunga sanduku akaenda Naivasha siku tatu. Nikatoka hivyo hivyo. Nilitembea hadi kwenye lami, mwendo wa karibu saa tatu, nikisimamisha magari. La kwanza utingo alitazama matope na miguu yangu, na mfuko niliokuwa nimeukumbatia, akamwambia dereva, "Huyu si mzima," akafunga mlango. La pili vilevile. Nikarudi. Na ng'ombe alizaa kweli usiku ule. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikukudanganya kabisa.

Utauliza kwa nini nisitoke. Haron akiona uso wangu una safari anampeleka Debra kwa mama yake, wiki, wiki mbili. Anasema, "Wewe nenda tu. Mtoto ni wa hapa." Baada ya ziara yako alimpeleka siku kumi na moja, na siku hizo zote hakunisemesha neno.

Na nikitoka nije wapi? Wewe mwenyewe unafungiwa geti kama kuku wako. Tutakuwa wawili ndani ya kufuli la Muchiri.

Usije tena. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Shiku

*

Riruta
22 Juni 2003

Shiku,

Sisi wazima. Nilipokea barua yako nikakaa nayo mwezi mzima. Nilikuwa nimekukasirikia miezi saba kwa ajili ya kile kiti. Nisamehe.

Wiki iliyopita nilifanya mtihani wa leseni nikapita. Tulikuwa thelathini na mwanamke nilikuwa peke yangu. Afisa aliniambia nizunguke mapipa, akaniangalia akitegemea nianguke, nilipomaliza akaandika bila kuinua macho. Zachariah alininunulia soda. Amenifungia na cheni nyingine, si mpya, lakini ina meno kuliko ile.

Muchiri aliposikia nina leseni alinijia mlangoni.

"Sasa utakuwa unaranda ovyo. Sikiza, shemeji. Siku utalala nje ya hii ploti, ujue umehama. Nina mtu anataka hii chumba."

"Nikilala nje kwa ugonjwa?"

"Kwa chochote."

Kwa hiyo ulisema kweli, nami nimefungwa. Nimefikiri sana juu ya hilo. Nimeona kwamba mimi nina saa kumi na mbili za mchana, na wewe huna hata moja. Kumi na mbili zinatosha kwenda Kinangop na kurudi.

Mwalimu Ngina ananiandikia kwamba Ijumaa Haron hupeleka viazi sokoni kwa pikapu yake na harudi kabla ya saa nane. Ijumaa tarehe 18 Julai, Debra atakuwa darasani. Saa nne asubuhi nitakuwa nyuma ya ua wa shule, upande wa tangi la maji, injini ikiwaka. Usibebe kitu. Nitaleta viatu vyangu vya kanisa, miguu yetu ni saizi moja. Uso wako usimfanye Haron ampeleke Debra kwa mama yake wiki hiyo. Cheka. Mpikie Haron anachopenda.

Kama hutaki kuja, andika neno lolote lile nitaelewa na sitakulaumu. Kama uko tayari, usijibu.

Njambi

*

Hospitalini, Limuru
24 Julai 2003

Shiku wangu,

Salamu kutoka wodi ya wanawake. Naandika nimelala, usishangae mistari ikipanda. Zachariah ndiye atakayekuletea hii, na Mungu ambariki, kwa maana ndiye aliyeniambia mlifika.

Kila siku ya zile wiki nne nilikuwa naenda posta nikiomba sanduku liwe tupu. Lilikuwa tupu.

Uliponiona mara ya mwisho nilikuwa nimepiga magoti kwenye mvua pale Flyover, cheni mkononi. Sikukuwekeni kwenye lori la kabichi kwa sababu nilikuwa nimechoka nanyi. Watu watatu walikuwa wengi kwa mgongo ule, cheni ilishatoka mara ya tatu, na nilijua ikitoka mara ya nne tutakuwa bado barabarani saa nane. Nilipokuona umempakata Debra kati ya yale magunia, umegeuka kunitazama, nilitaka kukimbia nyuma ya lori.

Robo saa baadaye Haron akafika. Mtu alimwambia sokoni. Alisimamisha pikapu, akashusha kioo.

"Wako wapi?"

Nikaendelea kufunga cheni. "Unawatafuta akina nani?"

Alitazama kiti cha nyuma, kilikuwa kimelowa maji, hakuna mtu. Akatazama miguu yangu, nadhani alikuwa akitafuta nyayo nyingine kwenye matope. Mvua ilikuwa imezifuta. Aligeuza gari akashika njia ya Naivasha, labda akidhani mmekimbilia huko, na mimi kiki ikanishinda. Nilijaribu mara tano.

Kisha nikafanya kosa. Niliendesha kwa hofu. Zachariah alikuwa amenionya, kwenye maji usiguse breki ya mbele, punguza gia. Karibu na Kimende kulikuwa na matope ya viazi yaliyomwagika kutoka kwenye malori. Niliona mwanga kwenye kioo, nikadhani ni pikapu, nikaongeza mafuta. Gurudumu la mbele lilienda njia yake na mimi yangu. Ule mwanga ulikuwa wa basi tu la abiria. Wao ndio walionitoa mtaroni.

Mguu umevunjika mahali pawili chini ya goti. Daktari anasema wiki sita, pengine nane. Pikipiki imepinda mbele, Zachariah ameirudisha Kangemi kwa mkokoteni wa rafiki yake.

Sasa nisikie. Nimelala nje siku sita. Zachariah nikimuuliza kuhusu chumba anazungumza juu ya hali ya hewa. Muchiri amefanya nini? Mko wapi? Niambie hata kama ni baya. Hapa kitanda kinatazama ukuta, na najaza ukuta huo mwenyewe.

Njambi

*

Riruta
28 Julai 2003

Dada Njambi,

Debra anakupa pole, ameandika mwenyewe hapo chini, herufi ya "j" inatazama upande mwingine. Kuku wako ni wazima isipokuwa mmoja. Wapangaji wote wanakusalimia. Nimekuficha mambo miaka mingi, leo sifichi.

Lori lilitushusha Kangemi saa tisa. Zachariah alitufikisha hapa, akakusubiri mpaka geti lilipofungwa. Usiku ule sikulala. Nilikaa kitandani mwako nimevaa viatu vyako, nikifikiri nimekuua.

Jumatatu iliyopita asubuhi, baada ya Zachariah kuleta habari kwamba uko hai, Muchiri alikuja na mtu aliyebeba godoro kichwani. Hakubisha hodi.

"Wewe ni nani?"

"Mdogo wa Njambi."

"Njambi amehama."

"Njambi amelazwa. Mimi nakaa hapa mpaka arudi."

"Hii ni nyumba ya ndugu yangu."

"Basi ndugu yako aje anitoe."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi, dada. Sijawahi kumjibu mwanamume hivyo. Yalinitoka nikashika mdomo. Yule mwenye godoro alimtazama Muchiri, akasema, "Wewe uliniambia iko tupu. Mimi sitaki chumba ya matanga," akaondoka, godoro likigonga nguo kwenye kamba. Muchiri akanionyesha mlango kwa kidole. Akasema nikitoka nje ya geti hata kununua chumvi, nikirudi nitakuta kufuli jipya mlangoni.

Ndiyo maana sijaja kukuona. Ni safari fupi kutoka hapa hadi kitandani kwako na siwezi kuja. Chumvi ananinunulia Mama wa chumba cha nne. Debra hajavuka geti tangu tufike, anaruka kamba pale kwenye bomba, na kila gari likisimama nje anakimbilia chini ya kitanda kabla sijamwita. Nilidhani nikitoka kule nitapumua. Bado.

Jana Jumapili alikuja Haron. Sijui ni Muchiri aliyempata au yeye aliyempata Muchiri, lakini ni Muchiri aliyemfungulia geti. Alikuja na wazee wawili wa kanisa, amevaa tai. Wanawake walikuwa wanafua bombani. Wakaacha kufua, wakageuka kutazama.

Hakupaza sauti. Unamjua.

"Mama Debra, chukua mtoto twende nyumbani. Tumekusamehe."

Siwezi kukudanganya. Mguu wangu mmoja ulianza kwenda, dada. Ulienda wenyewe hatua moja mbele, kwa mazoea. Nilikuwa nimemshika Debra mkono, nikambana hata akalia, na kile kilio ndicho kilichonisimamisha.

"Utakaa wapi?" akaniuliza, kwa huruma kabisa. "Dada yako amevunjika. Hii nyumba mwenyewe anaitaka. Hata hiyo pikipiki yenu imevunjika. Huna kitu hapa."

Nikamwambia, "Ni kweli."

Alingoja niendelee. Wazee nao walingoja. Muchiri akasogea karibu asikie. Lakini sikuwa na lingine la kusema, na nilipotambua kwamba si lazima niseme, nikarudi nyuma, nikamwingiza Debra, nikafunga mlango kwa ndani nikaweka komeo.

Waliomba pale nje mpaka saa tisa. Mzee mmoja alikemea pepo. Debra aliniuliza ni pepo gani, nikamwambia wanaimba tu. Tulikula ugali wa jana. Walipoondoka, Haron alisema kwa sauti ya kunifikia kwamba atarudi Jumamosi na watu zaidi, na Muchiri akamjibu geti litakuwa wazi.

Leo asubuhi nilifungua mlango nikakuta Mama wa chumba cha nne ameweka beseni lake la kufulia kizingitini petu. Nikamuuliza bomba limekauka? Akasema hapana, hapa kuna jua zuri. Adhuhuri wakawa watatu, na mabeseni yao. Hatukuzungumza juu ya jana hata kidogo. Wanasema Jumamosi wana nguo nyingi. Zachariah naye ameangalia ubao wa chini wa mlango, umeoza, kesho anakuja na mwingine.

Sijui kama hayo yanatosha. Ninaogopa kuliko nilivyoogopa kule, kwa maana kule nilijua kila siku itakavyokwisha. Nikisikia geti naenda kugusa komeo.

Lakini usiharakishe mguu. Usimwambie daktari wiki nne zinatosha, nakujua. Lala hapo wiki nane, uangalie ukuta wako, na usiujaze kwa habari yetu. Akija Jumamosi, na aje. Akija na kanisa zima, waje. Mimi hapa sitoki.

Mdogo wako,
Shiku

MAMA MKUBWA NJAMBI PONA. DEBRA